Nambari 24 na Haki ya Mjane



Leo nataka tutazame nambari moja tu: 24. Mtauliza, nambari na dini wapi na wapi? Ngojeni.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametaja mafungu ya mirathi. Ukiyakusanya ni sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Thumni hapa si ile ya senti hamsini, ni fungu moja katika manane.

Sasa tafuta nambari ndogo kabisa ambayo yote sita yatatoka bila kukata fungu. Jaribu 8: theluthi haitoki. Jaribu 12: thumni yake ni moja na nusu. Ukifika 24 mambo yamekaa sawa: nusu 12, robo 6, thumni 3, theluthi mbili 16, theluthi 8, sudusi 4. Chini yake huipati, kwa sababu lazima igawike kwa 8 na kwa 3, na 8 mara 3 ni 24.

Tuseme mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Baada ya mazishi, madeni na wasia zimebaki shilingi 240,000. Kila fungu ni 10,000. Mke mafungu 3, apate 30,000. Mama mafungu 4, apate 40,000. Mtoto achukue 17 yaliyobaki, 170,000. Imekwisha!

Je, mafungu yakizidi? Mke, baba, mama na binti wawili: 3, 4, 4 na 16, jumla 27. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa mas-ala haya akiwa juu ya mimbari, akajibu pale pale kuwa thumni ya mke imekuwa fungu moja katika tisa. Kweli, 3 katika 27. Mali hugawanywa kwa 27, kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake, na hakuna anayetolewa nje. Hii ndiyo huitwa awl.

Lakini kwetu je? Matanga hayajaondoka, hati ya nyumba ishashikwa. Mjane aambiwa asubiri, binti aambiwa ashaolewa. Na sisi tuliofaulu hesabu twanyamaza, eti twawaheshimu wakubwa. Ndugu yangu, aya ya 10 ya sura hiyo hiyo yasema anayekula mali ya yatima kwa dhulma anakula moto.

Basi mwezi huu, baada ya tarawehe, kaa na wazee wako kwa adabu, chukua kalamu, mpige hesabu ya mirathi iliyolala. Mkishindwana, Mahakama ya Kadhi ipo. Hesabu yenyewe haichukui hata dakika tano. Kinachotuchelewesha si hesabu.

Wabillahi tawfiq.