Kariakoo: Shamba Lililofunikwa na Jina

Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa shamba la minazi kabla ya kuwa mtaa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps waliwekwa kambini hapo. Waingereza hawakuzitamka herufi tatu za mwisho za jina hilo; Waswahili nao wakabaki na irabu ndefu, -koo. Umbo hilo laonyesha kwamba neno lilipokewa kwa sikio, si kwa maandishi. Hivyo wapagazi, ambao wengi wao hawana makaburi yenye majina, wamepata kumbukumbu vinywani mwetu. Waliopanda minazi hawakuachiwa hata silabi moja. Basi mwanaisimu achunguzaye jina la mtaa hana budi kuuliza pia limefunika nini.