Maongezi na Wamama: Jino Lililozibwa

Kaeni vizuri, wenye kunyonyesha wanyonyeshe, tusikilizane kidogo mbele ya kupima kilo.

Leo nitasema juu ya meno. Juma lililopita mama mmoja alirudi hapa na mtoto wake wa miaka tisa. Shavu limevimba, usiku mtoto hakulala. Mama alikasirika, akaniambia: «Munganga, miaka miwili iliyopita mulimziba jino hili. Sasa dawa yenu ni ya namna gani?» Hakukosa kuuliza hivyo. Nilitazama kinywani, nikakuta plombaje iko palepale, ngumu, haikuanguka. Ila pembeni yake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na chini ya plombaje jino lilikuwa limeoza mpaka ndani. Tuliling'oa. Lilikuwa jino la kudumu, lile la nyuma linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi. Halitaota lingine.

Wengi wenu munadhani jino likizibwa, maneno yamekwisha. Ndiyo maana ninataka mujue kinachopita pale pembeni.

Kinywani mwa kila mtu kuna mikrobe, hata mtu msafi. Hazionekani kwa macho. Zinajikusanya juu ya jino, ni ule utelezi unaousikia kwa ulimi asubuhi. Ukila sukari, nazo zinakula, halafu zinatoa maji makali kama ya ndimu. Ukali ule unayeyusha jino pole pole.

Lakini Mungu hakuliacha jino bila mlinzi. Mlinzi wake ni mate. Mate yanaosha ukali, na ndani yake kuna madini yanayorudi kwenye jino na kulitengeneza pale lilipoanza kulainika. Inaomba nusu saa, au saa moja. Mtoto anayekula saa ya kula tu, mate yake yanapata nafasi ya kufanya kazi. Mtoto anayelamba bombo tangu asubuhi, au anayelala na chupa ya chai ya sukari mdomoni, mate yake yanashindwa. Na tundu likisha kutoboka, mate hayawezi kulijaza tena. Hapo ndipo munakuja kwetu.

Sasa plombaje si jino. Haina uhai. Munajua nyumba ya potopoto: ukuta unasimama vizuri, halafu jua na mvua vinaupasua pale udongo unapokutana na mti wa mlango. Mchwa hawatoboi katikati ya ukuta, wanapita kwenye ule ufa. Hata jino ni hivyo. Mtoto anatafuna, anakunywa cha moto, anakunywa cha baridi; kati ya plombaje na jino panafunguka kidogo, mikrobe zinaingia, na uozo unaanza upya mahali ambapo brosi haifiki. Juu unaona jino zima. Mama yule angeonaje?

Wenye elimu nao walisumbuka na jambo hili. Walijiuliza: ngozi ikikatwa inajifunga yenyewe, kwa nini plombaje isifanye vile? Mwaka 2001, katika chuo kikuu cha Illinois, Marekani, watu walitengeneza plastiki yenye vifuko vidogo sana vilivyojaa maji ya gundi. Plastiki ikipasuka, vifuko navyo vinapasuka, gundi inatoka, inaganda, inafunga ufa. Mwaka 2015 wengine, wa chuo kikuu cha Maryland, walieleza plombaje waliyoijaribu kwa namna hiyo. Ilikuwa na vifuko vya gundi, na dawa inayoua mikrobe zinapoigusa, na tena madini ya kulisha jino, kama mate yanavyofanya. Ni kazi ya akili sana. Lakini waliijaribu kwenye maabara, si kinywani mwa mtoto anayetafuna muhogo. Musingojee hiyo.

Ile tunayotumia hapa ni simenti ya unga wa kioo. Waliovumbua ni Alan Wilson na Brian Kent wa London, waliitangaza mwaka 1972. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu wa Tanzania walianza kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine na bila umeme, wakikwangua uozo laini na kujaza tundu. Kwa kazi ya namna hiyo simenti hii inafaa sana, hata kwenye disipanseri isiyo na taa. Na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeiandika kati ya dawa za lazima.

Simenti hii haiwezi kufunga ufa wake yenyewe, nisiwadanganye. Ila inalo jambo moja jema: ndani yake kuna floridi, dawa inayokaza jino na kusumbua mikrobe. Inaitoa kidogo kidogo kwa jino lililo jirani yake. Ikipungukiwa, inapokea nyingine kutoka dawa ya meno. Kama vile jembe lililochakaa unavyolinoa, ndivyo brosi ya jioni inavyoirudishia nguvu. Usipopiga brosi, inabaki kama jiwe tu.

Kwa hiyo mukinunua dawa ya meno, someni kwenye tibi. Tafuteni neno «fluor», na hesabu kati ya 1000 na 1500. Ya bei kubwa si lazima. Mtoto asiyefika miaka mitatu, weka kiasi cha punje moja ya mchele. Kutoka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya njegere. Piga wewe mwenyewe, usimwachie mtoto, mikono yake haijajua kufika nyuma. Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku ndiyo kubwa. Atemee mate, asisukutue sana na maji, ili floridi ibaki. Mti wa kusugulia wa babu zetu unaondoa utelezi vizuri, siukatazi, lakini hauna floridi.

Jino lililozibwa, litazameni kwenye jua kila mwezi. Ukiona mstari mweusi pembeni, au mtoto anakataa kutafuna upande ule, au chakula kinanasa palepale, mlete. Musingoje maumivu. Jino likianza kuuma usiku, mara nyingi uozo umekwisha kufika kwenye mshipa, na simenti haitoshi tena.

Yule mama, hasira ilipopoa, alinionyesha na mdogo wa mtoto yule, wa miaka saba. Jino lake la nyuma lilikuwa na tundu dogo, halijauma hata siku moja. Tulilizibia palepale, mtoto hakulia.

Leo, nyuma ya kupima kilo, wenye watoto wa miaka sita na zaidi wapite upande wa mlango wa pili, nitatazama meno ya nyuma. Na waliozibwa mwaka jana, waje kwanza.