Bustani ya Viungo na Mimea ya Dawa: Faida Yake na Mpaka Wake

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, kwenye bwalo la shule.)



Katibu aliponiandikia nije kuzungumza juu ya viungo na mimea ya dawa, nilidhani amekosea jina. Mimi si bwana shamba, wala si mganga. Nilisomea uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi yangu serikalini ni ya mafaili na makadirio ya fedha. Lakini Katibu amewahi kulala kwangu, na asubuhi akanywa chai ya majani na mizizi niliyochuma mwenyewe nyuma ya nyumba. Basi nimekubali. Nitasema mambo matatu: viungo vinavyomea kwetu na namna ya kuvipanda, kisha habari za mtoto mmoja wa kisiwani, na mwisho jambo lililonipata mimi mwenyewe, ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Wenzangu tuliomaliza hapa katika miaka ya 1990 watakumbuka shina la mchaichai lililokuwa nyuma ya jiko, karibu na bomba. Alilipanda mpishi wetu. Majani ya chai yalipokosekana, shina hilo ndilo lililotuokoa. Siku ya kuondoka nilichimbua kipande chake, nikakifunga katika gazeti lililoloweshwa maji, nikaenda nacho. Mwalimu Mkuu, sikuomba ruhusa. Tangu hapo nimehamishwa kazi mara tano, na kila mara mzigo wa kwanza kushuka garini ni mchaichai. Kuupanda si kazi kubwa. Unaligawa shina, unapunguza majani, unafukia mizizi mahali penye jua, hatua moja kati ya shina na shina. Ukilimwagilia majuma mawili matatu ya mwanzo, baadaye litajitunza, na mizizi yake itashika udongo usichukuliwe na mvua.

Tangawizi nayo haina makuu. Chukua kipande chenye jicho, kifukie kina cha vidole vitatu katika udongo laini wenye samadi, penye kivuli kidogo. Usituamishe maji, maana itaoza. Baada ya miezi minane hadi kumi majani yakigeuka manjano, chimba. Manjano, ambayo wengine huiita binzari, hupandwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ukishaichimba huichemsha kwanza hadi ilainike, ndipo unapoianika na kuisaga. Ukisaga mwenyewe unajua ulichokula. Ukinunua ya unga, rangi tu haikuhakikishii kitu.

Sasa tuinue macho tuitazame milima hii ya Usambara iliyo juu ya shule yetu. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea pale Amani mwaka 1902, wakaleta miti ya kila namna kutoka nchi za joto za dunia nzima. Leo ukienda soko la Muheza utakuta iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu zilizoshuka kutoka milima hiyo. Vijana wengi hapa wamelipiwa ada kwa iliki bila wao kujua. Mimi ni mmoja wao. Bibi yangu alikuwa na shamba huko juu, na kila muhula ulipokaribia alikuwa akipima magunia kwa macho na kusema, "Hili ni godoro, hili ni madaftari."

Iliki hukaa ardhini kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Hupenda kivuli, ubaridi na unyevu. Tunda huchumwa likiwa limekomaa lakini halijapasuka. Ukichuma mapema, punje huwa nyepesi na harufu ni haba. Bibi alilijua hilo, na bado miaka mingine alichuma mapema, kwa sababu mwizi hangojei tunda likomae. Hasara hiyo haiandikwi katika kitabu chochote cha hesabu, lakini mkulima huilipa.

Iko hasara nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Kwa kuwa iliki hupenda kivuli, wazee walifyeka vichaka vya chini ya msitu wakaiacha miti mikubwa. Shamba lilipochoka baada ya miaka kadhaa, miti mikubwa nayo ikakatwa, yakapandwa mahindi na migomba. Miche ya msitu ilikuwa imekwisha kufyekwa zamani, kwa hiyo hapakuwa na mti wa kuchukua nafasi ya mwingine. Mwaka 1997 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na watu wengine walinung'unika. Lakini maji tunayokunywa hapa bondeni yanatoka katika misitu hiyo. Siwalaumu wazee wetu, maana walitusomesha. Nasema tu kwamba sisi tuliosomeshwa tunapaswa kulima viungo katika mashamba tuliyo nayo, chini ya miti tuliyoipanda wenyewe.

Na inawezekana. Pilipili manga ni mtambaazi. Ipe mti hai ipande juu yake, nayo itakuzalia bila kudai uwanja wake. Vijana wa sayansi watapenda kujua kwamba pilipili nyeusi na nyeupe ni tunda la mmea mmoja. Nyeusi huchumwa ikiwa bado ya kijani, ikaanikwa pamoja na ganda lake. Nyeupe huachwa iive, ikalowekwa na kumenywa. Mdalasini nao ukiukata karibu na ardhi hufa? La, hutoa machipukizi mengi, na magome ya machipukizi hayo ndiyo tunayotia katika pilau. Mti mmoja utakatwa na kuchipua tena kwa miaka mingi.

Jambo la pili ni vanila. Mmea huu asili yake ni Meksiko. Wazungu waliupeleka katika makoloni yao, ukameba vizuri na kutoa maua, lakini hauzai, maana wadudu wa kuuchavusha walibaki kwao. Wataalamu wa Ulaya walihangaika na jambo hili, wala hawakupata njia ya kumfaa mkulima. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa wa umri wa miaka 12, jina lake Edmond Albius, alichukua kijiti chembamba, akainua utando ulio ndani ya ua, akabonyeza kwa kidole gumba chavua ikagusa mahali pake. Ua likazaa. Hadi leo vanila inayolimwa nje ya kwao huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, asubuhi lilipofunguka, kwa sababu kesho yake limekwisha kunyauka.

Edmond hakupata utajiri wowote. Utumwa kisiwani humo ulifutwa mwaka 1848, naye alifariki mwaka 1880 akiwa maskini. Vijana, nawaambia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, msidhani kwamba ugunduzi ni wa wenye ndevu na miwani. Ya pili, mtu anaweza kuujua mmea kuliko wote na bado faida ikaenda kwa mwingine. Vanila imelimwa kwetu pia, Kagera na Kilimanjaro. Mwaka 2018 kilo moja iliyokaushwa ilifika kama dola 600 katika soko la dunia, na miaka michache baadaye bei ikaporomoka. Kwa hiyo akija mtu akakwambia uza ng'ombe upande vanila, muulize kwanza mnunuzi ni nani.

Sasa nafika kwenye jambo la tatu, na naomba mnivumilie.

Mwaka 2010 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Alipata homa siku ya Ijumaa jioni. Uani kwetu palikuwa na mwarobaini mkubwa, na ninyi mnajua jina hilo limetoka wapi: mti wa magonjwa arobaini. Mimi, msomi wa Chuo Kikuu, nilikuwa nikijivuna kwa wageni kwamba kwangu hatunywi vidonge ovyo. Mke wangu alisema tumpeleke zahanati. Nilimwambia tungoje, nikachemsha majani. Jumamosi homa ilishuka kidogo, nikajisifu. Jumapili alfajiri mtoto alishikwa na degedege.

Sitasimulia safari ile. Tulipofika, daktari alipima akakuta malaria kali, na damu ilikuwa imepungua sana. Alitundikiwa dripu ya kwinini na akaongezewa damu. Alipoweza kumeza, akapewa dawa mseto. Siku ya nne aliomba uji. Leo ni kijana mrefu kunipita, na hakumbuki chochote. Mimi nakumbuka.

Siku zile za wodini daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimpa kiasi gani?" Nikasema kikombe. "Kikombe chenye dawa kiasi gani ndani yake?" Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, mimi kazi yangu ni kuwarudishia watu makadirio yao kwa sababu hawakuandika kiasi.

Baadaye nilisoma, na nilichokisoma kilininyenyekeza. Kwinini iliyomwokoa mwanangu ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini. Mti huo ulipandwa hata hapo Amani, na Wajerumani walitengeneza kwinini huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Dawa mseto nayo ina asili ya jamii ya pakanga inayomea Uchina. Mama mmoja mtafiti wa Kichina, Tu Youyou, alianza kuitafuta mwishoni mwa miaka ya 1960. Alisoma kitabu cha tiba cha miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, kilichosema majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa. Akatambua kwamba moto ulikuwa ukiiharibu dawa, akabadili njia yake. Yeye na wenzake waliijaribu kwanza katika miili yao wenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo dawa zote mbili zilizomponya mwanangu zilitoka mimeani. Tofauti yake na kikombe changu ni kipimo. Kuna watu waliopima, wakaandika, wakajaribu, wakajua kiasi cha kumpa mtoto wa kilo 12 na kiasi cha kumpa mtu mzima. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali hata chai ya pakanga yenyewe itumike kutibu malaria, maana kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani. Ndiyo maana pia nchi yetu ilianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikatunga sheria ya tiba asili. Hayo hayakufanywa kuwadharau wazee.

Nilipomwendea Bibi kumweleza, nilitegemea angeutetea mwarobaini. Alininyamazia kwa muda, kisha akasema, "Mimi nilikufundisha kuchuma. Nani alikufundisha kungoja?" Ndipo nikakumbuka kwamba sisi wajukuu, homa ikivuka usiku mmoja, alikuwa akitubeba mgongoni hadi zahanati. Mitishamba ilikuwa ya mafua, ya tumbo la kuunguruma, ya mbu na ya kuchoka. Yeye, asiyejua kusoma, aliujua mpaka. Mimi sikuujua.

Leo bustani yangu ingali ipo. Tangawizi na mchaichai tunakunywa tukiwa na mafua. Karafuu naisaga kutuliza jino huku nikingoja kwenda kwa daktari. Kivumbasi kiko mlangoni kwa ajili ya mbu, na chandarua kiko kitandani vilevile. Mwarobaini natumia kufukuza wadudu katika mahindi. Lakini mtoto mwenye homa, au mama mjamzito, haguswi na chungu changu. Anakwenda kupimwa kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja. Tuipe shule robo ekari ya viungo, pale nyuma ya jiko. Kila kidato kiwe na tuta lake na daftari lake: tarehe ya kupanda, ya kuchuma, uzito mbichi, uzito mkavu. Mavuno yatiwe katika maharage ya bwalo, ambayo kwa kumbukumbu zangu yanahitaji msaada. Vijana watajifunza kulima, na watajifunza kupima.

Ili maneno yangu yasiwe ya mdomo tu, kuna gunia mlangoni. Ndani yake mna mashina 30 ya mchaichai, wajukuu wa lile nililolichukua bila ruhusa. Mwalimu Mkuu, naomba upokee deni lako pamoja na riba.