Jibu la Ulinganishi ni Alama, Si Kiasi



Kompyuta ikipewa orodha ya majina iyapange, haihitaji kujua maana ya jina hata moja. Huuliza swali lilelile mpaka orodha ikae sawa: kati ya haya mawili, lipi litangulie? Majibu ni matatu: la kwanza, la pili, au yanalingana. Lugha ya Fortran ya mwaka 1957 tayari ilikuwa na IF ya njia tatu. Perl ikaja na alama ya ulinganishi huo, <=>, PHP ikaipokea mwaka 2015, na C++ katika toleo la 2020.

Katika C majibu hayo hutolewa kwa namba: hasi, sifuri au chanya. Kanuni za lugha haziahidi zaidi ya hapo. Hazisemi kwamba hasi ni -1 wala chanya ni 1, ila wengi wetu tumekariri hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoona kwenye mashine zetu.

Mwaka 2012 mazoea ya namna hiyo yaliiumbua hifadhidata ya MySQL, pamoja na nduguye MariaDB. Wakati wa kuhakiki nywila, seva ililinganisha baiti kwa fanksheni ya memcmp, kisha ikatia jibu kwenye nafasi ya biti 8 tu. Kwenye mashine nyingi hapakuwa na tatizo. Lakini baadhi ya matoleo ya memcmp, yaliyoboreshwa kwa ajili ya kasi, yalitoa namba kubwa. Chukua 512: biti zake 8 za mwisho zote ni sifuri. Ikikatwa inabaki sifuri, na sifuri maana yake "zinalingana". Kwa kuwa data ya uhakiki hubadilika kila jaribio, mtu mwenye jina la mtumiaji na nywila ya uongo alikuwa na nafasi kama moja kati ya 256 ya kufunguliwa mlango. Kwa programu inayorudia majaribio yenyewe, hiyo ilikuwa kazi ya sekunde chache.

Njia ya mkato ya kulinganisha namba mbili kwa kutoa, a - b, nayo ina mtego wake. Katika Java, ukitoa -2,000,000,000 kutoka 2,000,000,000 hupati bilioni nne, maana int haivuki 2,147,483,647. Unapata -294,967,296, na namba kubwa inatangazwa kuwa ndogo. Integer.compare ipo, sioni sababu ya kuikwepa.

Namba za desimali zina jibu la nne. NaN, yaani "si namba", haiko chini ya kitu, haiko juu, wala hailingani hata na yenyewe. C++20 imelipa jibu hilo aina yake, partial_ordering, na kwa maoni yangu huo ndio uungwana: kukiri kwamba vitu vingine havipangiki.

Nimalizie na orodha zetu wenyewe za Kiswahili. Andika ng'ombe kwa kistari cha juu kilichonyooka, ambacho kompyuta hukitambua kwa namba 39, nalo litatangulia ngamia. Liandike kwa kilichopinda, ambacho baadhi ya simu hukiweka zenyewe, chenye namba 8217, nalo litaangukia baada ya nguo. Ulinganishi wa baiti utasema hayo ni maneno mawili tofauti. Kwa hiyo napendekeza kistari kisawazishwe data inapoingia, kabla haijafika kwenye upangaji, na kila mfumo uandike wazi kama ng' inahesabiwa herufi ya peke yake au kistari kinapuuzwa.