Mwokozi Huandaliwa Kabla ya Mvua

Katika eneo la Budondo, upande wa kaskazini wa Jinja, Mto Nile ni jirani wa kila siku. Hapo ndipo yalipokuwa maporomoko ya Bujagali kabla ya maji ya bwawa la umeme, lililozinduliwa mwaka 2012, kuyafunika. Tangu miaka ya 1990 vijana wa kingo hizo wamekuwa wakijifunza kazi ya kuongoza mashua za mpira katika maji yaendayo kasi, na kwa kawaida ya kazi hiyo kiongozi hufundishwa kumtoa mtu majini kabla hajakabidhiwa abiria. Hufundishwa kumnyoshea mti kwanza akiwa nchi kavu. Mti usipofika, arushe kamba. Kamba isipofika, apeleke mashua. Kuogelea hadi kwa anayezama ni njia ya mwisho kabisa. Mfa maji, kama walivyonena wahenga, haachi kutapatapa, na katika kutapatapa kwake huweza kumzamisha yule aliyekuja kumwokoa.

Somo hilo la mtoni lina ndugu yake mlimani. Maji ya Nile yapitayo Budondo huishia kwanza katika Ziwa Kyoga. Na katika ziwa hilo hilo huingia maji ya mto Manafwa, ambao hushuka kutoka Mlima Elgon na kupita nchi ya Mbale. Mlima huo, ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,321, ni volkano iliyozimika zamani. Udongo wake una rutuba, nao umewalisha watu wengi kwa ndizi na kahawa. Lakini udongo huo huo, uliokaa juu ya miteremko mikali na kuvuliwa miti yake, ukishiba maji ya mvua hupoteza nguvu ya kujishikilia, na kilima kizima huteremka.

Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi katika wilaya ya Bududa. Nyumba, maduka na kituo cha afya vilifukiwa. Watu zaidi ya 300 walikadiriwa kuwa wamekufa au wametoweka, na wengi wao miili yao haikuonekana kamwe. Askari wa jeshi walipelekwa huko, pamoja na watu wa kujitolea wa Shirika la Msalaba Mwekundu. Barabara zilikuwa tope tupu, na mitambo ya kuchimbia haikuweza kupanda. Basi askari na wanakijiji walichimba bega kwa bega, kwa majembe, kwa sepetu na kwa mikono.

Tangu hapo msiba huo umerudi mara kwa mara. Mwezi wa Juni 2012 ulirudi Bududa. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto uliofurika ulishuka na mawe na magogo katika eneo la Bukalasi, ukaua watu zaidi ya 40. Mwezi wa Novemba 2024 ilikuwa zamu ya wilaya ya Bulambuli. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kusema kwamba jambo hili ni la ghafla. Siku yake ndiyo isiyojulikana. Kuja kwake kunajulikana.

Wajibu wa askari katika siku kama hiyo umeandikwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 209, inayataja majeshi ya ulinzi kuwa na kazi ya kushirikiana na mamlaka ya kiraia wakati wa dharura na maafa. Ibara ya 212 inalipa jeshi la polisi kazi ya kulinda maisha na mali. Lakini katiba haimfundishi mtu kufunga fundo. Amri huweza kumfikisha askari kwenye tope katika muda wa saa chache. Ujuzi wa kufanya kazi ndani ya tope hilo hauwezi kutolewa kwa amri.

Ujuzi wenyewe si siri. Mlima ulioporomoka mara moja huweza kuporomoka tena. Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza kupigwa, huwekwa mlinzi mwenye filimbi mahali palipo juu na salama, na kila mchimbaji huonyeshwa njia ya kukimbilia. Wachimbaji hawarundikani mahali pamoja. Kila baada ya muda kazi yote husimamishwa, watu hunyamaza, na masikio hutegwa, kwani sauti ya aliye hai chini ya udongo ni ndogo. Mwenyekiti wa kijiji huitwa na kuulizwa ni nyumba ipi ilikuwa wapi na nani alilala humo. Machela hubebwa kwa zamu, kwa maana katika mteremko wenye utelezi watu wanne hawafiki mbali.

Nchi jirani ya Kenya ilipata somo lake mwezi wa Septemba 1970. Daktari Gert Judmaier kutoka Austria alianguka karibu na kilele cha Mlima Kenya, akavunjika mguu vibaya. Watu wa kujitolea wa chama cha wapanda milima cha Kenya walipanda kumfuata, wakamfikia na kumhudumia katika baridi kali. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, aliyekuwa akisaidia kwa helikopta, alianguka na kufa. Hatimaye kikosi kilichosafiri kutoka Innsbruck, chenye mazoezi marefu ya kuteremsha majeruhi kwenye majabali, kilishiriki kumshusha, baada ya zaidi ya wiki moja. Ushujaa haukukosekana hata siku moja katika mlima ule. Kilichotafutwa ng'ambo ya bahari ni mazoezi.

Kuna jambo jingine, nalo linamhusu mwenye sare hasa. Katika Uganda, Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 raia wengi walikijua kama lugha ya kizuizi cha barabarani na ya mlango unaogongwa usiku. Wapo wazee ambao hata leo wakikisikia hutazama pa kukimbilia. Nametsi Kiswahili hicho kilifika pamoja na jembe. Hapana hotuba iwezayo kufuta kumbukumbu mbaya kuliko kazi ya namna hiyo. Lakini msaada wa siku moja hausafishi jina milele. Askari akifika mlimani na kumfukuza mkulima ili kazi ifanywe "kijeshi", atakuwa amemfukuza mtu pekee ajuaye mahali njia ya maji ilipokuwa jana. Nidhamu ya kweli ni pamoja na kumsikiliza asiye na cheo.

Kwa hiyo hapana budi mazoezi yafanywe wakati wa kiangazi: askari, polisi, watu wa Msalaba Mwekundu na vijana wa vijiji, wakipanda njia zile zile watakazozipanda usiku wa mvua, na kukubaliana juu ya maneno machache ambayo Mgisu, Msoga na askari wa kutoka mbali watayaelewa kwa namna moja: simama, nyamaza, vuta, legeza, kimbia. Vijana wa mtoni wajuao kamba, kama wale wa Budondo, wana la kuwafundisha wenzao wa mlimani, ambako mito hufurika pamoja na kuporomoka kwa udongo.

Kujitolea ni moyo, na moyo ni mwanzo mwema. Lakini ajitoleaye bila kufundishwa huongeza idadi ya watakaotafutwa. Mvua za Elgon hazina budi kurudi. Zitakapomkuta mwokozi, na zimkute amekwisha kufunga fundo lake mara mia moja katika jua.