Njia ya Panya Hula Mtaji

Leo tuko mpakani Busia, na Malaba wilayani Tororo, ambako wanawake huvusha nyanya, mahindi na samaki wakavu kati ya Uganda na Kenya.

Wengi walianza na beseni moja. Wengine, kwa kuhofia ushuru, walipitia njia za panya. Huko ukikamatwa, mzigo unachukuliwa. Ukidhulumiwa, huna pa kushtaki. Siku moja inameza akiba ya miezi.

Kumbe ipo njia halali. Bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zilizo kwenye orodha ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hazitozwi ushuru wa forodha ukiwa na cheti rahisi cha uasili. Hutolewa hapo hapo mpakani.

Nawe uliye kambini, kabla ya kusafiri kibiashara, uliza ofisi ya wakimbizi unahitaji kibali gani. Hata kama unauzia mlangoni pako, andika kila shilingi inayoingia na inayotoka. Mboga ya watoto itoke kwenye faida, mtaji usiuguse.

Uliza kwanza, mama, kisha ununue mzigo. Kwaheri hadi kipindi kijacho.