Mnyama Katika Motokaa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya watu wa Tarakea, Rombo)



Leo hatukuja kusema habari za kahawa wala za mahindi. Twataka kusema habari za mbwa na paka, jinsi ya kuwachukua salama katika motokaa. Labda mtu atacheka moyoni mwake, aseme, "Mbwa naye ana safari?" Naam, anazo. Siku hizi barabara ya lami imefika kwetu, na mtu akihamia Moshi, au akimpeleka mbwa wake kwa mganga wa mifugo, au akimpelekea ndugu yake mtoto wa mbwa wa kulinda nyumba, humpakia garini. Mnyama hakuomba kwenda, wala hajui aendako. Basi salama yake i mikononi mwa yule aliyempakia.

Tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulishuka Moshi pamoja na mbwa wetu, mlinzi hodari aliyetuokolea mahindi mengi kwa nyani. Asubuhi ile Tarakea palikuwa na ukungu, nasi tumevaa makoti. Tulipofika mjini tuliliweka gari juani, tukaacha vioo wazi kadiri ya vidole viwili, tukaingia dukani kununua misumari. Tulidhani hatutakawia, lakini tulikutana na jamaa, tukazungumza. Tuliporudi tulimkuta amelala chini, povu kinywani, akiitwa jina lake hainui kichwa. Alikufa kabla hatujafika kwa mganga. Majuto ni mjukuu.

Sasa sikilizeni sababu yake. Mwanadamu hutoka jasho mwili mzima, nalo humpoza. Mbwa hana jasho ila kidogo katika nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Hewa anayoivuta ikiwa ya moto, kuhema hakumfai kitu. Na gari lililofungwa juani, joto la ndani hupanda kwa digrii zaidi ya 15 katika nusu saa, hata siku isiyo ya joto kali. Kufungua kioo kidogo hakuzuii. Nasi watu wa mlimani twadanganyika upesi, kwani twaondoka katika baridi yetu, twapita Usseri, Mkuu, Mwika na Marangu, na tukifika Himo tumekwisha ingia katika joto. Sisi twavua makoti; mbwa koti lake halivuliki.

Kwa hiyo lishikeni neno hili kwanza: msimwache mnyama peke yake ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache. Kama hapana mtu wa kukaa naye nje kivulini, heri abaki nyumbani. Mkimwona anahema kwa nguvu, mate mazito yanamtoka, naye anayumba, mpelekeni kivulini upesi, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, mpeni maji kidogo kidogo akiweza kunywa, kisha apelekwe kwa mganga.

Neno la pili ni kumweka mahali pake. Paka awe katika kasha au kikapu chenye mfuniko na matundu ya hewa, si katika gunia. Mbwa afungwe kwa mshipi wa kifuani, si kwa kamba ya shingoni. Maana aliyefungwa shingo nyuma ya pikapu, akiruka hunyongwa. Asikae mapajani pa dereva, wala asitoe kichwa dirishani. Katika kona zetu dereva akikanyaga breki ghafula, mnyama asiyezuiwa hutupwa mbele kama jiwe, akaumia na kuwaumiza watu. Buti lililofungwa si mahali pa kiumbe chenye pumzi. Kuku nao msiwasahau: kuwaning'iniza miguu juu, vichwa chini, ni mateso, na matenga yapo.

Tatu, chakula kiwe kidogo, nacho kitangulie safari kwa muda wa saa tatu au nne, asije akatapika. Mkisimama njiani kumpa maji, shikeni kamba yake kabla ya kufungua mlango.

Nne, wafikirini wenzenu. Katika basi mwombeni kondakta ruhusa kabla ya kupakia. Wako abiria wanaoogopa mbwa, tena wako ambao dini yao yawaagiza kujiepusha na mate yake. Mnyama akichafua, mwenyewe asafishe.

Tano, mbwa apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukiisha onyesha dalili kwa mtu hauna dawa, na gari laweza kuuchukua mbali kwa siku moja. Na kwa kuwa Tarakea ni mpakani, atakaye kuvuka na mnyama kwenda Kenya amwone kwanza ofisa wa mifugo, apate cheti na kibali.

Bunge lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nayo yakataza kumtesa mnyama, safarini kadhalika. Lakini hatukuja kuwatisha kwa sheria. Tulipomzika yule mbwa chini ya migomba, mtoto wetu aliuliza, "Kwani hakubweka?" Bila shaka alibweka; sisi ndio tuliokuwa mbali. Basi ninyi msiwe mbali.